Mgongo wa Mwana wa Bodaboda: Kinga Yake Ilitoka Wapi, na Utachagua Ipi?

Leo tuzungumze juu ya mgongo, lakini si ule unaouma kwa kubeba mtungi au kuinama shambani. Tunazungumza juu ya mgongo wa yule kijana wako, au mume wako, anayetoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza akiwa juu ya pikipiki na kurudi usiku. Helmeti anayo. Sasa amekuja na habari ya kitu kingine kinachovaliwa mgongoni, ndani ya jaketi, anasema wenzake wa steji wameanza kukivaa. Nawe unajiuliza: hiki ni kitu cha maana au ni fasheni ya vijana? Na kama ni cha maana, mbona kimoja kinauzwa kwa bei ya kuku na kingine kwa bei ya mbuzi?

Tutajibu, lakini kwanza turudi nyuma kidogo tujue kinga hii ya mgongo ilitoka wapi. Ukishajua ilivyoanza, mwenye duka hatakudanganya kwa urahisi.

Tuanze hapa nyumbani. Neno bodaboda lilizaliwa huko Busia, kwenye mpaka wetu na Uganda, katika miaka ya 1960. Kati ya forodha ya upande huu na ya upande ule palikuwa na mwendo wa kuchosha, hasa kwa mtu mwenye mzigo. Vijana wenye baiskeli wakaanza kubeba watu huku wakiita "boda, boda", yaani mpakani, mpakani. Nyuma ya baiskeli palikuwa na kiti kidogo chenye sponji. Aliyeanguka kwa kawaida aliinuka, akakung'uta vumbi, akatazama goti lililochubuka na safari ikaendelea.

Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za injini ndogo, na kwa miaka michache tu pikipiki zikajaa kila njia panda, kuanzia mjini hadi kule ambako matatu haifiki. Jina la bodaboda likabaki. Kiti cha nyuma kikabaki. Mavazi nayo yakabaki yale yale ya wakati wa baiskeli, shati, suruali na kandambili. Kilichobadilika ni mwendo. Sheria ya Trafiki iliporekebishwa mwaka 2012 ilimtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi lenye kuakisi mwanga, na abiria awe mmoja tu. Mgongo haukutajwa, na hilo lisikushangaze, kwa maana hata nchi zilizotangulia kuwa na pikipiki zilichukua muda mrefu sana kuufikiria.

Kwanza walifikiria kichwa. Tarehe 13 Mei 1935, huko Uingereza, mwanajeshi mmoja mashuhuri aliyeitwa T. E. Lawrence aliangushwa na pikipiki yake alipokuwa akiwakwepa vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli. Hakuwa amevaa kitu kichwani. Alilala bila fahamu siku sita, akafariki. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia aliyekuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo, hakulisahau jambo hilo. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, akakusanya habari za waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yake: katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wameuawa barabarani Uingereza. Yeye mwenyewe alipata majeruhi saba tu waliokuwa wamevaa helmeti, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Jeshi likaamuru askari wake wa pikipiki wavae helmeti. Lakini raia wa kawaida wa Uingereza hawakulazimishwa na sheria hadi mwaka 1973. Hesabu mwenyewe, mama: kutoka kifo cha Lawrence hadi sheria hiyo ni miaka 38, na hapo tunazungumza juu ya kichwa, ambacho kila mtu anajua thamani yake.

Mgongo nao ulikuwa ukisubiri. Na hapa inafaa nikueleze kwa nini mgongo si kama mkono au mguu. Kuanzia shingoni hadi kiunoni kuna pingili 24 zilizopangwa moja juu ya nyingine kama vikombe, na katikati yake inapita kamba laini ya mishipa ya fahamu. Kupitia kamba hiyo ubongo huuambia mguu utembee na kibofu kishikilie mkojo. Mfupa wa mguu ukivunjika, unaunga. Kamba hiyo ikikatika, haiungi. Waganga wa Misri ya kale waliliona jambo hili zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Katika maandishi yao yaliyobaki kuna mgonjwa aliyevunjika pingili ya shingo na kupooza mikono na miguu, nao wakaandika kwamba huo si ugonjwa wa kutibiwa.

Hali hiyo iliendelea karne baada ya karne. Hata mwanzoni mwa karne ya 20, wengi waliovunjika uti wa mgongo na kupooza walikufa katika muda mfupi, na mara nyingi hawakuuawa na jeraha lenyewe. Waliuawa na vidonda vya kulala upande mmoja na maambukizi ya njia ya mkojo. Aliyebadilisha mambo ni daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939. Mnamo Februari 1944 alifungua wodi ya majeraha ya uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Dawa yake kubwa haikuwa ya chupa. Aliagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kukosa. Wagonjwa wakaanza kuishi. Mwaka 1948 aliwapanga 16 kati yao, wakiwa kwenye viti vya magurudumu, washindane kulenga shabaha kwa mishale. Kutokana na mchezo huo mdogo ndipo yakaja mashindano ya Olimpiki ya walemavu tunayoyaona leo.

Nimekaa kwenye habari hii kwa makusudi. Ile kazi ya kugeuza kila saa mbili, ikifika kwetu, anaifanya nani? Kenya tuna hospitali ya kitaifa ya rufaa ya majeraha ya uti wa mgongo pale Nairobi, lakini vitanda vyake ni vichache na siku ya kurudi nyumbani hufika. Siku hiyo anayegeuza mgonjwa, anayebadilisha mpira wa mkojo na kuchungulia kama ngozi ya makalio imeanza kuwa nyekundu, ni mama, ni mke, ni dada aliyeacha shule. Kwa hiyo mkutanapo dukani wewe na kijana wako kutazama kinga ya mgongo, usikae kando kama msindikizaji. Una haki ya kuuliza maswali yote.

Sasa kinga yenyewe. Walioanza kuitafuta hawakuwa watu wa kwenda sokoni. Walikuwa wakimbiaji wa mashindano ya pikipiki. Kwa miaka mingi walivaa suti za ngozi zenye kuzuia mchubuko na vipande vya kinga mabegani, viwikoni na magotini, mgongo ukiwa na ngozi tu. Mwezi Machi 1975, kwenye uwanja wa Daytona, Marekani, Mwingereza Barry Sheene alikuwa akienda karibu kilomita 280 kwa saa tairi lake la nyuma lilipoharibika. Alivunjika paja, mkono, mfupa wa bega na mbavu. Wiki saba baadaye alikuwa amerudi kwenye mashindano, na mwaka 1976 na 1977 akawa bingwa wa dunia.

Mtu huyu ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa kinga ya mgongo, na aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe kama fundi wa juakali. Alichukua vioo vya plastiki vya helmeti kuukuu, akavikata na kuvipanga kimoja kikilalia kingine, hivi kwamba mgongo uliweza kuinama mbele lakini haukuweza kupindika kwenda nyuma. Baadaye kampuni ya Dainese ya Italia ikalichukua wazo hilo, na mbunifu Marc Sadler akachora kinga ya magamba ambayo Sheene alianza kuivaa mwaka 1979. Mwenye kampuni, Lino Dainese, mwenyewe amesema sifa ya uvumbuzi ni ya Sheene, na ile ya kwanza ya vioo vya helmeti imehifadhiwa katika makumbusho yao. Waitaliano waliifananisha na kambakoche, yule mnyama wa baharini mwenye gamba la pingili. Sisi wa bara tungesema ni kakakuona.

Kinga hiyo ya magamba ilikuwa nzuri kwa mtu wa mashindano, anayevaa kwa dakika 45 kisha anavua. Hebu mvalishe mtu wa bodaboda wa Kisumu au Kilifi, anayekaa juu ya kiti saa 12, jua likiwaka na abiria akimwegemea kwa nyuma! Saa nne asubuhi ataivua na kuifunga kwenye kerea pamoja na kreti za mayai, na kesho yake itabaki imetundikwa kwenye msumari nyumbani. Tatizo hilo hilo liliwapata hata watu wa Ulaya waliotumia pikipiki kwenda kazini. Kinga ilikuwapo madukani na migongo mingi ikabaki wazi, kwa sababu ya ugumu na joto.

Mambo mawili yalikuja kubadilisha hali hiyo, na yote mawili yanakuhusu wewe mnunuzi.

La kwanza ni kipimo. Mwaka 2003 nchi za Ulaya zilitoa kanuni inayoitwa EN 1621-2, ambayo ni ya kinga za mgongo peke yake, na ikarekebishwa mwaka 2014. Kabla ya hapo mtu aliweza kushona kipande cha sponji na kukiita kinga, na hakuna aliyeweza kumbishia. Kipimo chenyewe ni rahisi kukielewa. Chuma cha kilo 5, yaani uzito wa pakiti mbili na nusu za unga, huangushwa kutoka kimo cha kama mita moja juu ya kinga, na chini yake kuna mashine inayopima ni nguvu kiasi gani imepenya. Ikipenya kwa wastani isiyozidi kilonyutoni 18, kinga hupewa daraja la 1. Isiyozidi 9 hupewa daraja la 2. Kilonyutoni moja ni kama kulaliwa na uzito wa kilo 100, kwa hiyo daraja la 2 hupitisha nusu ya kile kinachoruhusiwa kwa daraja la 1. Mita moja si mbali na kimo cha kiti cha pikipiki, na mara nyingi mtu anayeteleza huangukia mgongo kutoka kimo kama hicho. Akigonga nguzo au lori, hayo ni mambo mengine kabisa.

La pili ni sponji ya aina mpya. Mwaka 1999 Mwingereza Richard Palmer alianza kutengeneza kitu alichokiita D3O, na wengine wakatengeneza vyao vinavyofanana nacho. Umewahi kukoroga wanga wa mahindi kwa maji kidogo? Ukizamisha kidole polepole kinaingia kama kwenye uji, lakini ukipiga kwa ngumi unaona umegonga kitu kigumu. Sponji hizi hufanya kazi kwa njia hiyo. Zikiwa mwilini ni laini na hufuata umbo la mgongo, zikipigwa ghafla hukakamaa kwa kufumba na kufumbua, kisha hulegea tena. Nyingi zina matundu ya kupitisha hewa. Kwa hiyo kinga ya mgongo ya siku hizi inaweza kuwa kipande kimoja cha sponji nzito kinachoingia kwenye mfuko ulioshonwa ndani ya jaketi, na abiria aliye nyuma hajui hata kama ipo. Kuna pia jaketi zinazojaa hewa mtu anapoanguka, ambazo wakimbiaji wa MotoGP walilazimishwa kuzivaa kuanzia mwaka 2018. Bei yake ni ya kina wao, tuziache huko.

Maoni yangu ni haya. Kwa mtu wa kila siku, kinga laini ya daraja la 1 ambayo atakubali kuivaa kutoka asubuhi hadi usiku ni bora kuliko ya magamba ya daraja la 2 inayolala nyumbani. Ukipata laini ya daraja la 2 kwa bei unayoiweza, chukua hiyo. Lakini usianze na daraja, anza na joto na starehe. Mwambie aivae pale dukani, akae juu ya pikipiki, ashike usukani, ageuze shingo kulia na kushoto. Ncha ya chini ifike kiunoni, ncha ya juu ipande kati ya mabega bila kusukuma helmeti. Ikimchoma mahali dukani, barabarani itamchoma zaidi.

Kisha geuza kinga utafute lebo. Iwe na picha ya mwendesha pikipiki na namba EN 1621-2. Angalia vizuri ile tarakimu ya mwisho. Ikiwa ni EN 1621-1, hiyo ni kinga ya bega au kiwiko, na kipimo chake kinaruhusu nguvu kubwa zaidi kupenya. Si ya mgongo hata muuzaji akiapa. Herufi B au FB inaonyesha kwamba inafunika mgongo mzima, CB ni sehemu ya katikati, na L au LB ni ya kiunoni tu. Pembeni kuna tarakimu 1 au 2, ndiyo daraja. Kuna pia kipimo kwa sentimita cha kutoka kiunoni hadi begani, basi nenda na utepe wa fundi cherehani umpime badala ya kukisia kwa macho. Mkiishi Mombasa, Garissa au Lodwar, tafuta alama ya T+, kwa maana inaonyesha kwamba ilipimwa pia kwenye joto la nyuzi 40. Sponji nyingine hulegea kupita kiasi zikipata joto, na huko kwenu joto si la kuuliza.

Mitumbani, kama Gikomba au Kongowea, unaweza kukutana na jaketi zuri la pikipiki kutoka Ulaya, lenye ngozi imara na vipande vigumu mabegani. Tia mkono kwenye mfuko wa mgongoni. Mara nyingi utatoa sponji nyepesi, nyembamba, isiyo na lebo yoyote. Hiyo iliwekwa kiwandani kujaza nafasi tu, ili mnunuzi aje aweke kinga ya kweli. Nunua jaketi kama ni zuri, lakini hesabu kwamba mgongo bado uko wazi.

Hapo ndipo penye nafuu ya mfuko wako. Kipande cha kinga laini peke yake, bila jaketi, huwa na bei ya chini kuliko fulana nzima yenye mikanda. Na jaketi ambalo kijana tayari analo linaweza kushonewa mfuko kwa ndani na fundi wa mtaani. Mfuko ubane, kinga isicheze, maana ikihama upande siku ya kuanguka haimsaidii kitu. Wenye chama wanaweza kukusanya pesa na kuagiza kadhaa kwa pamoja kutoka kwa muuzaji mmoja, mkaomba apunguze. Lakini fundi asikushawishi akate godoro kuukuu au jerikeni akuwekee humo. Ndiyo, Sheene alianza na vioo vya helmeti, lakini baada yake walikuja watengenezaji na wapimaji. Godoro, bonyeza kwa kidole gumba na utaona: kidole kinafika upande wa pili. Na wa kwanza katika foleni ya pesa ni helmeti, siku zote. Kama ya kijana imepasuka au haina mkanda wa kidevuni, kinga ya mgongo isubiri.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo watengenezaji wa Ulaya hawakulifikiria. Vijana wetu huvaa jaketi kinyume, zipu ikiwa nyuma, ili upepo usiwapige kifuani asubuhi. Ukimshonea kinga kwenye jaketi analolivaa kinyume, umekinga kifua na kuacha uti. Zungumza naye kwanza. Ikiwa hataki kuacha mtindo huo, mchukulie ya mikanda inayovaliwa juu ya shati, halafu ageuze jaketi apendavyo. Na akibeba begi mgongoni, ndani yake kusiwe na kufuli, spana wala chupa ya chai ya chuma. Akiangukia mgongo, kitu kigumu humgonga mahali pamoja penye pingili.

Mama mwenye mtoto mgongoni, nawe nina neno nawe. Kinga haiwezi kukaa mahali ambapo mtoto amekaa. Ukianguka chali, mtoto ndiye anayepokea uzito wako wote, na helmeti ya kipimo cha mtoto mchanga hakuna. Safari ya kliniki ikiwezekana kwa matatu au kwa miguu, iwe hivyo. Najua kuna mahali haiwezekani, hasa usiku na mtoto akiwa na homa. Basi angalau uwe abiria peke yako, ukae kwa kupanda kama mwanamume badala ya upande upande, miguu ikanyage vikanyagio, na umwambie dereva waziwazi apunguze mwendo. Si kukosa adabu kumwambia.

Lazima pia niseme kile kinga isichoweza. Inapunguza pigo la moja kwa moja, la jiwe, ukingo wa barabara au lami. Haizuii shingo kukunjika, kwa sababu haifiki shingoni. Haizuii mgongo kusokoteka wakati bega limegonga upande mmoja na nyonga zikaenda upande mwingine, na majeraha mengi mabaya ya uti hutokea kwa njia hiyo ya kusokoteka na kukunjika. Haitibu maumivu ya kiuno ya kukaa kwenye kiti siku nzima. Wauzaji wengine huchanganya mambo haya mawili makusudi. Mwenye maumivu hayo aende kituo cha afya akaangaliwe. Na jaketi la kuakisi mwanga, lile la kijani au la rangi ya chungwa, husaidia aonekane tu. Halina kinga yoyote ya pigo.

Kwa sababu hiyo, aliyeanguka hata akiwa na kinga mtendee kama mtu aliyeumia uti hadi daktari aseme vinginevyo. Tabia yetu ni kumkimbilia, kumshika kwapani na kumwinua, kumpa maji, kisha kumkalisha kati ya watu wawili kwenye pikipiki nyingine apelekwe hospitali. Pingili iliyokuwa imepasuka tu huweza kusogea hapo na kukata ile kamba. Mwache alale alivyo kama hakuna moto wala magari ya kumkanyaga. Mtu mmoja apige magoti kichwani pake, ashike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke. Helmeti msiivue kama anapumua vizuri. Mwulizeni kama anahisi vidole vya miguu. Pigeni 1199, namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu, au 999. Ikiwa hakuna gari la wagonjwa linaloweza kufika, tafuteni mlango au ubao mpana, watu wanne au watano wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa na mwili vikienda pamoja, wamlaze juu yake, na asafirishwe akiwa amelala kwenye gari lolote lenye nafasi.

Kinga iliyopata pigo kubwa kama hilo imemaliza kazi yake, hata kama kwa macho haionyeshi kitu. Ya magamba yenye ufa itupwe. Ile ambayo haijaanguka inahitaji matunzo kidogo tu: itoe mfukoni mara moja kwa wiki, ipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni ya kawaida, usiichemshe wala kuitia petroli kuondoa grisi, na uianike kivulini. Jaketi ndilo linaloweza kuingia kwenye karai. Ukiirudisha, hakikisha upande wenye lebo ya kuelekea mwilini ndio umeelekea mwilini.